Bari tisa katika kikombe: Namna ya kurekebisha mgandamizo wa mashine ya espresso nyumbani

Na Mwandishi Wetu, Mpanda

KAHAWA katika miji ya Tanzania imezoeleka zaidi katika sura mbili. Ya kwanza ni ile chungu inayomiminwa kutoka kwenye birika la muuzaji wa mtaani na kunywewa kwa kashata. Ya pili ni ile ya unga unaoyeyuka mara tu unapokutana na maji ya moto. Sura ya tatu, yaani espresso, ilibaki kwa muda mrefu kuwa kinywaji cha hoteli na migahawa ya miji mikubwa.

Hali hiyo inabadilika taratibu. Mashine ndogo za espresso zinazotosha juu ya meza ya jikoni zinapatikana sasa katika maduka ya vifaa vya umeme, na mtu aliyeko mbali anaweza kuinunua Dar es Salaam au Mwanza na kuletewa kwa basi.

Ugumu huanza baada ya boksi kufunguliwa. Katika mji kama Mpanda, makao makuu ya Mkoa wa Katavi uliomegwa kutoka Rukwa mwaka 2012, fundi mwenye uzoefu wa mashine hizo anaweza kuwa mamia ya kilometa kutoka jikoni. Kahawa ikitoka chachu, au nyeusi na yenye ladha ya kuungua, mwenye mashine hana wa kumuuliza. Wapo wanaoishia kuiweka kabatini pamoja na fedha walizoinunulia. Wapo pia wanaochukua bisibisi na kugeuza skrubu wasiyoijua, jambo ambalo ni hatari zaidi.

Mara nyingi kiini cha tatizo ni kitu kimoja: mgandamizo wa maji, ambao mafundi wengi huuita presha.

Mgandamizo huo ni nini

Espresso hutengenezwa kwa kusukuma maji ya moto kwa nguvu kupitia kahawa iliyosagwa laini na kushindiliwa ndani ya chujio dogo. Nguvu hiyo hupimwa kwa bari, kipimo ambacho kwenye maboksi ya mashine huandikwa "bar". Bari moja inakaribia sana mgandamizo wa hewa ulio usawa wa bahari.

Kiwango kilichokubalika kwa espresso ya kawaida ni bari 9. Tairi la gari dogo hujazwa upepo wa kiasi cha bari 2 na ushei, hivyo mashine ya kahawa hufanya kazi kwa nguvu inayokaribia mara nne ya ile iliyomo ndani ya tairi. Kwa wakazi wa Karema, mwambao wa Ziwa Tanganyika mkoani Katavi, mfano wa karibu zaidi ni huu: bari 9 ni sawa na uzito wa maji anaoubeba mtu aliyezama mita 90 chini ya uso wa ziwa.

Kwa nguvu hiyo, gramu 18 za kahawa hutoa kinywaji chenye uzito wa takriban gramu 36 ndani ya sekunde 25 hadi 30. Mafuta ya kahawa huchanganyika na maji pamoja na hewa ya kaboni iliyomo ndani ya punje, na juu ya kikombe hujitokeza povu la rangi ya dhahabu ambalo Waitaliano huliita crema.

Safari ya kufikia bari tisa

Mashine za kwanza hazikuwa na nguvu hiyo. Mwaka 1884 Angelo Moriondo wa mji wa Torino, Italia, alipata hataza ya mashine iliyotumia mvuke kusukuma maji katika kahawa. Mwaka 1901 Luigi Bezzera wa Milano aliiboresha ili kila mteja atengenezewe kikombe chake papo hapo, na baadaye Desiderio Pavoni akaanza kuziunda mashine hizo kibiashara.

Hata hivyo, mvuke peke yake ulitoa bari 1 na nusu hadi 2 tu. Ili kuongeza nguvu ilibidi kuongeza moto, na moto ulipozidi kahawa iliungua.

Aliyeutenganisha moto na nguvu ni Achille Gaggia, pia wa Milano. Baada ya vita kuu ya pili ya dunia alitengeneza mashine yenye mkono wa chuma uliobana springi kubwa. Springi ilipoachiwa iliyasukuma maji kwa bari 8 hadi 10. Hapo ndipo crema ilipozaliwa.

Mwaka 1961 kampuni ya Faema ilitoa mashine iitwayo E61, iliyotumia pampu ya umeme badala ya misuli ya mhudumu. Tangu hapo bari 9 zikawa kipimo cha kawaida duniani.

Tambua kwanza aina ya mashine

Si kila mashine inayoitwa ya espresso inaweza kurekebishwa. Kuna makundi matatu ambayo mnunuzi anapaswa kuyatofautisha.

Kundi la kwanza ni mashine za mvuke zisizo na pampu, pamoja na birika la moka linalowekwa juu ya jiko, lililobuniwa Italia mwaka 1933. Vyombo hivi hufanya kazi kwa bari chache tu na havina cha kurekebisha. Vali iliyopo ni ya usalama, kama ile ya sufuria ya presha ya kupikia maharage. Kuikaza au kuiziba ni kutengeneza bomu jikoni.

Kundi la pili, ambalo ndilo kubwa zaidi majumbani, ni mashine zenye pampu ndogo ya mtikisiko. Ndani yake kuna kipande cha chuma kinachovutwa na sumaku ya umeme na kurudishwa na springi mara nyingi kwa sekunde. Mngurumo unaosikika kahawa inapotengenezwa ni wa kipande hicho.

Kundi la tatu ni mashine zenye pampu ya mzunguko, ambazo ni ghali na hupatikana zaidi katika migahawa. Hizi huwa na skrubu ya kurekebishia kwenye pampu yenyewe.

Makala haya yanahusu zaidi kundi la pili.

Namba kubwa kwenye boksi

Maboksi mengi huandikwa "bar 15" au "bar 20", na mnunuzi hudhani kuwa kubwa ndiyo bora. Namba hiyo ni uwezo wa mwisho wa pampu pale maji yanapokuwa yamezibwa kabisa, wala haielezi nguvu inayofaa kwa kahawa.

Mgandamizo unapozidi, kahawa hujibana hadi maji yanashindwa kupita sawasawa. Hutafuta ufa mdogo na kupita hapo kwa kasi. Sehemu ya kahawa hukamuliwa kupita kiasi na kuwa na ukakasi, na sehemu nyingine hubaki haijaguswa na kuwa chachu. Ndiyo maana kikombe kimoja huweza kuwa na kasoro zote mbili kwa pamoja.

Ili kuzuia hali hiyo, mashine nyingi zimewekewa vali ya kupunguza mgandamizo. Vali hiyo ina springi. Nguvu ya maji inaposhinda nguvu ya springi, vali hufunguka na maji ya ziada hurudi kwenye tangi. Kurekebisha mgandamizo wa mashine ya nyumbani maana yake ni kukaza au kulegeza springi hiyo.

Usianze na skrubu

Kosa linalofanyika mara nyingi ni kuilaumu vali kabla ya kuitazama kahawa yenyewe. Mgandamizo hujengeka pale tu maji yanapokutana na kizuizi. Kizuizi hicho ni kahawa.

Kahawa iliyotwangwa kwenye kinu hufaa sana kwa birika, lakini chembe zake hazilingani. Maji yatapita katikati yake kama mvua juu ya kokoto, na hakuna vali itakayoweza kulisahihisha hilo. Espresso huhitaji mashine ya kusagia yenye meno inayoweza kurekebishwa hatua kwa hatua.

Kanuni za awali ni hizi. Kahawa ikitoka ndani ya sekunde 10 hadi 15 na kuwa chachu, isagwe laini zaidi. Ikitoka kwa matone baada ya sekunde 40 na kuwa na ukakasi, isagwe nene kidogo. Kahawa ipimwe kwa mizani kila mara na ishindiliwe kwa usawa, bila kuinamia upande mmoja.

Kahawa yenyewe haina budi kuwa mpya. Iliyokaangwa kati ya wiki moja na nne zilizopita hufaa zaidi. Iliyokaa miezi imepoteza hewa yake ya kaboni, hivyo hutoa kizuizi kidogo na povu hafifu.

Mkazi wa Mpanda hana haja ya kuagiza kahawa kutoka ng'ambo. Arabika hulimwa katika mkoa jirani wa Kigoma, na pia Mbozi, Mbinga na miteremko ya Kilimanjaro, huku robusta ikitoka Kagera. Robusta kidogo ikichanganywa na arabika huongeza povu na uzito wa kinywaji.

Jambo lingine la kuchunguza ni chujio. Mashine nyingi za bei nafuu huja na chujio lenye kuta mbili na tundu moja dogo chini. Tundu hilo ndilo linalotengeneza mgandamizo na povu, hata kahawa ikiwa mbaya. Anayetaka kupima na kurekebisha kwa uhakika atumie chujio la ukuta mmoja.

Jinsi ya kupima

Iwapo kahawa ni mpya, imesagwa vizuri na imepimwa, lakini matokeo bado ni mabaya, ndipo mgandamizo upimwe. Vinahitajika vitu viwili: geji ya mgandamizo inayofungwa kwenye mpini wa chujio, na chujio lisilo na matundu. Baadhi ya mashine zina geji yake mbele, ingawa ile ya kwenye mpini husoma karibu zaidi na kahawa.

Washa mashine na uiache ipate moto kwa dakika 15 hadi 20. Funga mpini wenye geji na chujio lisilo na matundu, kisha washa pampu kwa sekunde zisizozidi 10. Mshale utapanda na kutulia. Andika namba hiyo, zima pampu, na usubiri mshale urudi chini kabla ya kufungua mpini.

Kwa kuwa katika kipimo hiki hakuna maji yanayotoka, namba huwa juu kidogo kuliko wakati wa kutengeneza kahawa. Mashine inayoonyesha bari 9 na nusu hadi 10 itakuwa karibu na bari 9 maji yanapopita kwenye kahawa. Inayoonyesha bari 12 au zaidi inastahili kupunguzwa.

Kama namba ni ndogo, chunguza kwanza iwapo kuna maji yanayorudi kwenye tangi kupitia mpira wa vali wakati pampu inafanya kazi. Yakirudi, vali inafunguka mapema na huenda inahitaji kukazwa au kusafishwa. Yasiporudi na hakuna mahali panapovuja, pampu yenyewe haifikii nguvu ya kuifungua vali, na kukaza skrubu hakutasaidia kitu.

Jinsi ya kurekebisha

Zima mashine, chomoa waya kwenye soketi na uiache ipoe kabisa. Mwaga maji ya tangi, kisha fungua kifuniko.

Vali huwa karibu na pampu, na hutambulika kwa mpira mwembamba unaotoka kwake kurudi kwenye tangi. Piga picha kabla ya kugusa chochote. Tia alama ya kalamu kwenye skrubu na kwenye mwili wa vali, ili uweze kurudi ulikoanzia.

Katika mashine nyingi, kugeuza skrubu kulia hubana springi na kuongeza mgandamizo, na kugeuza kushoto hulegeza na kupunguza. Geuza robo mzunguko tu, rudisha kifuniko, jaza maji, kisha pima upya. Rudia hadi upate namba unayoitaka. Kazi hii huchukua muda, na mwenye haraka ndiye anayeharibu.

Baadhi ya mashine hazina skrubu hiyo. Vali zake hufunguliwa na springi kubadilishwa kwa nyingine yenye nguvu pungufu. Nyingine zimefungwa kiwandani na haziruhusu marekebisho yoyote. Kitabu cha maelekezo kisomwe kwanza, kwani kufungua kifuniko huweza kufuta dhamana ya kiwanda.

Baada ya marekebisho, kipimo cha mwisho ni kikombe. Saga upya kwa kutafuta sekunde 25 hadi 30, maana mgandamizo ukibadilika usagaji nao hubadilika.

Umeme, mwinuko na maji

Kuna mambo matatu yanayoweza kumfanya mkazi wa Mpanda apate matokeo tofauti na yule wa Dar es Salaam, hata kama mashine zao ni za aina moja.

La kwanza ni umeme. Kwa miaka mingi Katavi ilikuwa nje ya Gridi ya Taifa na ilitegemea jenereta za dizeli, jambo lililosababisha kubuniwa kwa mradi wa njia ya kilovolti 132 kutoka Tabora kupitia Ipole hadi Mpanda. Pampu ya mtikisiko huendeshwa moja kwa moja na umeme unaoipata. Volti zikishuka chini ya 230 za kawaida, sumaku hudhoofu na mgandamizo hushuka. Mashine iliyotoka Marekani, kwenye umeme wa volti 120 na mizunguko 60 kwa sekunde, haifai kuchomekwa katika soketi ya Tanzania yenye mizunguko 50.

Hapa ndipo penye mtego. Anayepima jioni, majirani wote wakiwa wamewasha vifaa vyao, huona mshale uko chini na kukaza skrubu. Asubuhi umeme unapokuwa na nguvu, mashine hupanda hadi bari 13. Inashauriwa kupima volti kwanza, kupima mgandamizo nyakati mbili tofauti za siku, na kutumia stabilaiza inayomudu wati za mashine. Kwa watumiaji wa sola, mashine ya wati 1,000 hadi 1,500 huhitaji inveta yenye uwezo unaozidi hapo.

La pili ni mwinuko. Mpanda iko kiasi cha mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Kila mita 300 za mwinuko hupunguza takriban nyuzi moja katika joto la kuchemka maji, hivyo maji ya Mpanda huchemka karibu na nyuzi joto 96 badala ya 100. Mbeya, iliyo juu zaidi, huchemka karibu na nyuzi 94.

Mwinuko hauathiri kwa kiasi kikubwa nguvu ya pampu. Hata hivyo, mashine iliyowekwa joto la nyuzi 96 au zaidi itafoka mvuke mara maji yanapotoka, na mvuke huo huivuruga kahawa iliyoshindiliwa kabla mgandamizo haujajengeka. Ni vyema kubaki kati ya nyuzi 91 na 94, na kuruhusu maji kidogo yapite kabla ya kufunga mpini.

La tatu ni maji. Maji ya visima huweza kuwa na chokaa nyingi inayoganda kama ukoko ule unaoonekana ndani ya birika la chai. Ukoko huo ukiingia kwenye vali, huizuia isifunge na mgandamizo ukashuka, au huizuia isifunguke na mgandamizo ukapanda kupita kiasi. Kabla ya kugeuza skrubu yoyote, mashine iliyotumika kwa miezi kadhaa isafishwe kwa dawa iliyoelekezwa na kiwanda. Asidi ya ndimu ya unga hutumiwa na wengi, lakini chombo chenye tangi la aluminiamu kinaweza kuharibika, hivyo maelekezo yafuatwe. Baada ya hapo maji safi yapitishwe mara kadhaa.

Mipaka ya fundi wa nyumbani

Maji ya nyuzi 90 yakiwa chini ya mgandamizo hayasamehe. Mpini usifunguliwe kamwe wakati geji ingali juu. Mashine isiwashwe ikiwa kifuniko kiko wazi, kwa kuwa nyaya za volti 230 hupita sentimeta chache kutoka kwenye mipira ya maji. Watoto wakae mbali.

Vali ya kupunguza mgandamizo wa pampu isichanganywe na vali ya usalama ya tangi la mvuke. Ya kwanza hurekebishwa. Ya pili haiguswi na mtu asiye fundi, hata kama inavuja. Inayovuja hubadilishwa.

Dalili za kumwita fundi ni pamoja na pampu inayolia bila kusukuma maji, harufu ya kuungua, fyuzi inayokatika mara kwa mara, na mshale unaopanda bila kutulia.

Tanzania imelima kahawa kwa zaidi ya karne moja, lakini sehemu kubwa ya zao hilo huuzwa nje ikiwa bado mbichi, na ladha yake hugunduliwa na wanywaji wa mbali. Mkulima wa Kalinzi au Mbozi huchuma, huosha na kuanika kwa uangalifu mkubwa. Kazi hiyo ya msimu mzima huweza kupotea ndani ya sekunde 30, jikoni, kwa sababu ya springi iliyokazwa kupita kiasi au kahawa iliyosagwa vibaya.

Mwenye mashine mjini Mpanda anayefuata utaratibu huu, akianza na kahawa, kisha umeme na maji, na skrubu ikiwa ya mwisho, mara nyingi atagundua kwamba vali haikuwa na kosa tangu mwanzo.